Daftari nimelisoma mara nne, mtihanini sikumbuki kitu

SUALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kike wa Kidato cha Nne, Wete. Nasoma masomo saba, mtihani wa Taifa ni Novemba na zimebaki wiki tisa. Mtu asije akasema sisomi: nalala saa sita usiku, saa tisa nimeshaamka, daftari la Biolojia nimelimaliza mara nne na nimelipaka rangi za kila aina. Lakini mtihani wa majaribio nimepata 38, na masuali yote nilikuwa nayajua! Nilipotoka nje nikafungua daftari nikaliona jibu palepale, ukurasa wa kushoto, kwenye rangi ya njano. Mama anasema ni kijicho cha watu. Na sasa msimu wa karafuu umeingia, usiku tunachambua mpaka saa tatu. Nifanyeje? Na Fizikia niiache?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, na kilichonikamata si zile alama 38. Ni ile rangi ya njano. Unakumbuka kwamba jibu lilikuwa ukurasa wa kushoto, unakumbuka na rangi yake, ila jibu lenyewe halikuja. Hapo umeueleza ugonjwa wako vizuri kuliko ambavyo ningeueleza mimi. Daftari umelijua kwa sura, na mtihani hauulizi sura.

Umepanda gari ya Chake mara ngapi tangu uzaliwe? Mia, pengine mia mbili. Kila kona unaijua, ukifumbua macho kidogo tu unajua mmefika wapi. Sasa mtu akukabidhi usukani akwambie haya, tupeleke. Utakuta hujui hata gia gani inatiwa kwenye kile kilima ulichokipanda mara mia mbili. Safari ni zilezile, njia ni ileile, lakini dereva alikuwa akifanya kazi na wewe ulikuwa ukitazama dirishani. Basi daftari la Biolojia umelipita mara nne ukiwa abiria.

Habari ya kijicho, mama simkatalii, na akikusomea kisomo pokea kwa heshima, hakina hasara. Ila miaka ishirini na saba niliyosomesha nimekutana na watoto wengi mno wenye shida hiihii yako, na sidhani kama watu wana nafasi ya kuwahusudu wote hao.

Dawa unayo tangu una miaka sita. Ulipokuwa chuoni ukisoma Kurani uliihifadhi vipi sura ya Amma yatasaaluna? Uliifuata kwenye msahafu mara chache, ukasahihishwa matamshi, halafu ukaambiwa funga, soma kwa ghaibu. Ukakwama aya ya tatu au ya nne. Ustadhi hakukurudishia msahafu uanze upya. Alikupa neno moja la kukukwamua, ukaendelea. Kesho yake, kabla hujapewa mpya, ulitakiwa kwanza uiseme ya jana. Na ikifika siku ya kurejea ulirudishwa nyuma kabisa, kwenye sura ulizodhani umeshamalizana nazo. Hakuna ustadhi Pemba nzima aliyemhifadhisha mtoto kwa kumkalisha autazame ukurasa mpaka saa tisa za usiku. Sasa iweje ukitoka chuoni ukaingia skuli elimu hiyo unaiacha kule?

Wataalamu wa kumbukumbu wameyapima mambo haya kwa hesabu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya maandishi wavisome. Kundi moja liliachiwa kifungu likisome tena na tena katika vipindi vinne. Kundi jengine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likapewa karatasi tupu na kuambiwa: andikeni mnachokumbuka. Kundi la kwanza kwa wastani lilikisoma kile kifungu mara 14 hivi. La pili mara 3 na ushei. Baada ya wiki moja wakaitwa wote. Waliosoma mara 14 walikumbuka asilimia 40, na wa karatasi tupu walikumbuka 61.

Hapo pana jambo ambalo mimi huona ndilo zito zaidi. Siku ya kwanza, walipoulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani wiki ijayo, waliojiamini zaidi walikuwa hao wa kusoma tu. Na mtego wenyewe ndio huo: ukipimwa dakika tano baada ya kusoma, wasomaji kweli wanashinda. Ndiyo maana usiku ukifunga daftari unajihisi umeiva. Umeiva kweli, lakini kwa dakika tano.

Mimi mwenyewe nimechangia makosa haya, nikiri. Miaka yangu kumi ya mwanzo nilikuwa mwalimu wa kuandikisha. Nikiingia darasani, naujaza ubao, watoto wanakopi, nafuta, najaza tena, kengele inalia. Nikisahihisha madaftari nampa "vizuri sana" mwenye mwandiko mzuri na mistari ya rula. Binti mmoja daftari lake lilikuwa zuri kiasi kwamba nililionesha kwa wageni waliokuja kukagua. Matokeo yalipotoka Biolojia alipata F. Nilikaa nalo lile daftari mezani wiki nzima nikilifunua. Hakuna kilichokosekana mule ndani, kila mada ilikuwamo, imepambwa kama leso ya harusi. Nilichokuwa sijawahi kumwambia hata siku moja ni kulifunga. Baadaye, mwaka 2013, kundi la watafiti likiongozwa na John Dunlosky wa Marekani lilizipima njia kumi za kusoma ambazo wanafunzi huzitumia, na kupaka rangi na kurudia kusoma zikawekwa daraja la chini kabisa la faida. Zilizopanda juu ni mbili: kujipima, na kugawa masomo kwa siku mbalimbali. Nilipoyaona hayo nilimkumbuka yule binti.

Basi tufanye kazi. Chukua mada moja ndogo, tuseme moyo na mzunguko wa damu. Soma kurasa zake mara moja, polepole, bila kalamu mkononi. Funga daftari, liweke mbali, hata chumba chengine. Chukua karatasi tupu, andika juu yake suali moja: tone la damu limetoka mguuni, litapita wapi mpaka lifike mapafuni, lirudi, lifike mguuni tena? Kisha andika.

Najua kitakachotokea. Utaandika mistari minne, utakwama. Utaona kichwa kimejaa ukungu na mkono utataka kulifuata daftari. Usiuruhusu. Kaa na huo ukungu dakika mbili tatu, kwani ile kazi ya kuvuta ndiyo inayojenga kumbukumbu. Ukichungulia upesi umeiharibu. Andika hata unachokisia. Damu imeingia moyoni kwa mshipa mkubwa, vena kava, chumba cha juu cha kulia, imepita vali, imeshuka chumba cha chini cha kulia, halafu? Imetoka kwa ateri gani?

Ukishaishiwa kabisa, ndipo fungua daftari, na sasa chukua kalamu nyekundu. Usisome tena yote. Sahihisha karatasi yako kama mwalimu. Nakuhakikishia kwamba kuna mahali utakuwa umeandika kuwa ateri zote hubeba damu yenye oksijeni nyingi. Karibu kila mtoto niliyemsomesha ameandika hivyo. Ateri ya mapafu inatoka upande wa kulia wa moyo na inabeba damu iliyokwisha oksijeni, inaipeleka ikachukue nyengine. Inaitwa ateri kwa sababu inatoka moyoni kwenda nje, si kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Sasa angalia: hilo ulilisoma mara nne na hukujua kwamba hulijui. Karatasi tupu imekuonesha kwa robo saa.

Kesho yake unaandika tena mada hiyohiyo, karatasi mpya, bila kufungua daftari kwanza. Itakuja mistari kumi. Ndio wakati watoto wengi hufurahi wakaiacha, na hapo ndipo inapopotea. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka akihifadhi silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunachojifunza hutoroka kwa kasi kubwa zaidi saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha kasi inapungua. Na kila unapokirudia baada ya kukisahau kidogo, kazi ya kukirudisha inakuwa nyepesi kuliko ya mara iliyotangulia. Kwa hiyo uiguse mada hiyo kesho, uiguse tena baada ya siku tatu nne, baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili. Kila mara dakika kumi, si saa nzima. Wiki tisa zinatosha kabisa kwa mzunguko huo ukianza sasa. Ukianza wiki ya saba hazitoshi.

Ili usichanganyikiwe na tarehe, tengeneza kadi. Kata karatasi ngumu, hata maboksi ya sabuni, vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele suali, nyuma jibu fupi. Tafuta makopo matatu. Kadi zote zinaanzia kopo la kwanza, ambalo unalipitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia kopo la pili, la kila baada ya siku tatu. Ukijibu sawa tena, inakwenda la tatu, la mara moja kwa wiki. Ukikosa, hata kama ilikuwa imefika kopo la tatu, inarudi la kwanza bila huruma. Utaratibu huu aliuandika mwandishi wa habari Sebastian Leitner mwaka 1972, yeye akitumia sanduku lenye vyumba. Uzuri wake ni kwamba unachokijua hakikupotezei muda na usichokijua hakikuachi.

Na hapa ndipo karafuu zinapokuwa neema. Nyinyi mnakaa kwenye jamvi, rundo la karafuu katikati, mikono inavunja vikonyo, makonyo upande huu, karafuu upande huu. Mikono ina kazi, mdomo hauna. Mpe mdogo wako yale makadi. Hata kama yuko darasa la tano na Biolojia haijui, anaweza kusoma kilichoandikwa, na akikitamka vibaya mtacheka na kadi hiyo hutaisahau tena maishani. Yeye anauliza, wewe unajibu kwa sauti, yeye anatazama nyuma ya kadi: "Umekosa!" Watoto wanaipenda sana kazi ya kuwaambia wakubwa zao umekosa. Masaa mawili ya kuchambua ni kadi sitini bila kuchoka. Ulikuwa ukinilalamikia wakati uliopotea, kumbe huo ndio wakati wako mzuri kuliko ule wa saa tisa za usiku.

Nilisema chuoni mnahifadhi kwa ghaibu, lakini lazima nikutahadharishe. Aya unatakiwa uiseme kama ilivyoshuka, bila kuongeza wala kupunguza. Jibu la Biolojia sivyo. Ukiihifadhi aya ya daftari neno kwa neno kwa Kiingereza, na mtahini akaligeuza suali kidogo tu, unabaki na maneno yasiyo na pa kuingia. Nimesahihisha karatasi ambazo mtoto kaandika maana ya osmosisi bila kukosea hata nukta, halafu suali linalofuata linauliza kwa nini kipande cha kiazi kilichowekwa kwenye maji ya chumvi kinalegea, kaacha wazi. Na mtoto huyo kwao wanatengeneza ng'onda! Ameona samaki anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaachwa, na baada ya muda maji yamejaa kwenye beseni. Maji hayo yalikuwa ndani ya nyama ya samaki. Chumvi nyingi iko nje, maji yanatoka kwenda huko. Kiazi ni samaki yuleyule.

Kwa hiyo kila mada kwanza ielezee kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha nyumbani, kwa mama yako au bibi yako, mpaka aseme "aa, kumbe". Ukiona unababaika, si lugha iliyokosekana, ni maana. Maana ikishakaa, ndipo andika kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, kila moja na jambo moja. Wengi mnaogopa Kiingereza cha mtihani mkataka kuandika sentensi ndefu kama za kitabuni, mkapotea katikati. Mtahini anatafuta hoja, hatafuti ufasaha.

Na lijue neno la kwanza la kila suali kwa Kiingereza chake, kwani hapo zinamwagika alama nyingi. Ukiambiwa taja, taja tu, usieleze, unapoteza dakika. Ukiambiwa eleza, kutaja hakutoshi, mtahini anataka "kwa sababu". Ukiambiwa tofautisha, kila tofauti lazima iwe na pande mbili: ateri ina ukuta mnene, vena ina ukuta mwembamba. Ukiandika upande mmoja ukaacha wa pili umempa mtahini nusu ya jibu. Chukua karatasi yako ya majaribio, ile ya 38, uihesabu: alama ngapi zimekwenda kwa kutojua na ngapi kwa kutosikia ulichoulizwa? Ningefurahi kujua hesabu yako. Kwa uzoefu wangu hiyo ya pili huwa si ndogo.

Hesabati ina namna yake. Hapo kosa ni jengine: mnakaa na mada moja, mnapiga masuali ishirini ya aina moja mpaka mkono unakwenda wenyewe, mnaona mmeiweza. Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida walilipima hili mwaka 2007 kwa masuali ya ujazo wa maumbo manne. Waliofanya aina moja hadi iishe kisha nyengine walipata asilimia 89 katika mazoezi. Waliochanganyiwa walipata 60 tu. Baada ya wiki moja ukaja mtihani: wa kwanza walianguka hadi 20, waliochanganyiwa wakapata 63. Sababu yake ni nyepesi. Ukiwa kwenye mazoezi ya trigonometria, kichwa cha habari kimeshakwambia utumie nini. Mtihani haukwambii. Ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, inafika juu kiasi gani? Huyo ni Pithagoras, mita 4, wala huhitaji pembe. Lakini badala ya zile mita 3 ukipewa pembe ya ngazi na ardhi, unahitaji saini, yaani "sine" ya trigonometria. Ngazi ni ileile. Kazi kubwa ni kutambua, si kukokotoa, na kutambua hujifunzi ukipanga masuali kwa makundi. Chukua pasti pepa, yaani karatasi za mitihani iliyopita, kata masuali moja moja, tia ndani ya kikapu, changanya, vuta matano. Uone utakavyosumbuka siku ya kwanza.

Sasa usingizi. Saa sita mpaka saa tisa ni masaa matatu, na hilo nakuomba uliache leo hiihii. Tangu mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach wa Marekani walionesha kwamba mtu akijifunza kitu kisha akalala hukikumbuka zaidi kuliko aliyejifunza akakaa macho kwa muda uleule. Usingizi ni sehemu ya kazi. Ndipo ubongo unapoyapanga ya mchana. Wewe unaokota usiku kucha halafu hukipi kichwa muda wa kuweka ghalani. Maliza karafuu saa tatu, oga, saa nne uwe umelala. Ukiamka na adhana ya alfajiri, saa kumi na moja hivi, umepata masaa saba. Ukishasali una saa moja ya kimya kabla ya kujitayarisha kwenda skuli, na hiyo saa moja kwa karatasi tupu inashinda usiku wako wote wa rangi. Alasiri ongeza saa moja na nusu. Simu iwe chumba chengine, kwa bibi yako ikiwezekana, kwani bibi haoni tabu kumnyima mtu simu. Yale makundi ya kutumiana noti na fununu za pepa ondoka tu. Kama yangekuwa na faida watu wangekuwa wanasoma, hawatumi jumbe.

Usiipangie wiki nzima Biolojia, wiki nzima Kemia. Masomo yako saba, mawili kwa siku, kila somo linakurudia takriban kila baada ya siku tatu nne. Ikifika wiki ya saba, badilisha: pasti pepa nzima, umekaa kwenye kiti, saa mezani, muda uleule ulioandikwa juu ya karatasi, bila kuinuka kunywa maji. Mara ya kwanza hutaimaliza kwa wakati. Bora usiimalize nyumbani kuliko mtihanini.

Utajiona mjinga wiki mbili za mwanzo, na hilo nakwambia mapema ili usije ukarudi kwenye rangi zako. Kusoma daftari lililo wazi kunampa mtu raha. Karatasi tupu inamkera. Wenzako wa dakhalia, wanaokaa bweni, watakuwa wameshamaliza mada kumi wewe uko ya tatu. Waache.

Fizikia usiiache. Daraja lako linahesabiwa kwa masomo saba, na wewe unayo saba tu, huna la akiba. Unaanza kuhesabiwa D kwenye alama 30, C kwenye 45. Fizikia ukiitoa kwenye F ukaitia D umejiokolea pointi moja, sawasawa na pointi utakayoiokoa Biolojia ikitoka D kwenda C, na hiyo ya Biolojia iko mbali nawe kwa alama saba tu. Sikwambii utafute A ya Fizikia. Pitia pasti pepa za miaka mitano, weka alama kwenye mada zinazojirudia, halafu anza na zile zenye hesabu fupi, sheria ya Ohm ya umeme, msongo (pressure), mashine sahili, uzigeuze kadi kama nyengine. Yale mazito yaache mpaka haya yakae.

Usiku wa leo, karafuu zikiisha, andika tone la damu. Karatasi hiyo itakuwa ya aibu, mistari minne na wekundu mtupu. Usiichane, andika tarehe juu yake, itie ndani ya jalada la daftari. Wiki ya nane iandike tena bila kuchungulia, kisha uniletee zote mbili.